Ukimwinua Umemchukua

Hasira ya Nafuna huamka kabla yake. Saa kumi na moja na nusu alfajiri, hajapata hata kiatu cha pili chini ya kitanda, tayari ameshagombana na stima iliyopotea, na jogoo wa jirani, na yule mhubiri wa spika anayefukuza mapepo Witeithie nzima wakati mapepo yenyewe bado yamelala. Binti yake Trizah husema mamake angezaliwa mashine angekuwa trekta: kelele nyingi, moshi mwingi, lakini shamba linalimwa.

Alitoka Kimilili miaka ishirini na tano iliyopita, akiwa na sanduku moja na shemeji aliyemwahidi kazi ya ofisi Ruiru. Ofisi ikageuka kuwa banda la mbwa. Kampuni fulani ya walinzi ilikuwa na mbwa thelathini na wanne, na Nafuna akawa mtu wa kuwaosha, kuwalisha na kukesha nao wakizaa. Alikaa hapo miaka kumi na mmoja. Kisha siku moja mkurugenzi akaleta wageni wenye suti waone dume lake la kifahari, akamgeukia Nafuna kwa madaha: "Mama Trizah, hebu waambie, unamwonaje huyu?"

Nafuna akawaambia. "Nyonga zake zimeharibika, na mnapanga kumpandisha kwa dadake. Ng'ombe wa kwetu wana aibu kuliko nyinyi."

Kufikia jioni alikuwa amesimama kando ya barabara na ndoo yake. Mdomo huo umemnyima kazi, umemnyima mume mmoja, na umemnyima uenyekiti wa kikundi cha akina mama kanisani, na haujawahi kumwomba msamaha.

Sasa ana banda lake mwenyewe, nyuma ya duka la misumari na simiti pale Witeithie, limejengwa kwa mabati na mbao za paleti. Na kazi yake ni moja ambayo ukimwambia mtu wa Nairobi anadhani unamtania: anatengeneza mbwa wa kutoa nguruwe mwitu mashambani.

Kama hujafika Ngoliba, nguruwe mwitu wa huko hawana haya. Wanavuka mto kukipambazuka, baba, mama, watoto na mashangazi, kama watu wanaoenda harusi ambayo hawakualikwa, na jua likichomoza shamba la mahindi limekuwa matandiko. Kuwaua sheria hairuhusu, na Nafuna hana haja ya kuua. Anachotaka ni mbwa atakayemnusa nguruwe ndani ya mahindi, amfuate mpaka alipojificha, amshike sikio hadi kichwa chake kielewe, kisha amwachie akisikia filimbi na kumkimbiza mpaka mtoni. Akishafukuzwa hivyo mara tatu, nguruwe anahama. Si mjinga. Nafuna husema angekuwa mjinga angekuwa na akaunti ya TikTok.

Shida ni mbwa wenyewe. Teria, yule mbwa mdogo wa kuingia mashimoni, ana pua, ana mbio, ana mdomo mchafu kama wa Nafuna mwenyewe, lakini ni mwepesi. Akimshika nguruwe anapeperushwa kama leso kwenye kamba. Buldogi ana taya kama kufuli la benki, lakini pua yake imesukumwa ndani ya uso kama mlango uliogongwa na lori. Mtembeze mita mia moja saa sita mchana, anakoroma akiwa macho.

Kwa hiyo Nafuna akaamua kuwachanganya. "Nataka taya la babake na mapafu ya mamake," alikuwa akisema. "Mungu akinipa kinyume, namrudishia."

Hakuamua hivyo kwa mchezo. Mwaka juzi teria wake bora, Chachu, alipasuliwa tumbo na nguruwe ndani ya mahindi ya Mzee Ephantus huko Ngoliba. Nafuna alimbeba kwenye leso mpaka barabarani, na kabla hawajapata pikipiki Chachu alikuwa ameshamaliza. Mzee Ephantus, mtu mpole wa miaka sitini na kitu anayevaa koti la suti hata akipalilia, alivua kofia kana kwamba aliyekufa ni mtu. Tangu siku hiyo nguruwe wamemlia mahindi misimu miwili, na kila akikutana na Nafuna anauliza swali moja tu, kwa sauti ya kuomba chumvi: "Mama Trizah, mbwa atapatikana?"

Jike lilikuwepo: Pilipili, dada wa Chachu, teria mwenye jicho moja la kahawia na lingine la kutilia shaka. Dume ndilo lililompeleka Nafuna kwa Kinyanjui.

Kinyanjui anaishi Ruiru, ndani ya mtaa wenye geti na mlinzi anayekuuliza unaenda kwa nani hata akikujua. Ni kijana wa miaka thelathini na tatu, ndevu zimechorwa kwa rula, na ana buldogi anayeitwa Duke. Duke analala kwenye godoro chini ya feni. Duke ana ukurasa wake mtandaoni wenye wafuasi wengi kuliko diwani. Nafuna alimtazama yule mbwa amelala chali akihangaika kupumua, akahisi hasira ikimpanda kutoka magotini.

"Huyu unamwita mbwa ama mto?"

"Mathe, usitusi champion," Kinyanjui alisema akicheka. "Unataka mbegu ama hutaki?"

Aliitaka. Wakakubaliana kwa desturi ya watu wa mbwa, ambayo haina karatasi wala shilingi. Mwenye dume hadai kitu siku ya kupandisha. Watoto wakifika wiki nane anakuja, anachagua mmoja kabla ya mtu mwingine yeyote, anaenda zake. Na kuchagua kuna sheria yake: mtoto wa kwanza utakayemwinua kutoka chini ndiye wako. Hakuna kumrudisha, hakuna kujaribu mwingine, kwa sababu zamani watu walikuwa wanashinda siku nzima wakipapasa watoto wote, mpaka wanawaambukiza magonjwa ya nyumbani kwao.

"Ukimwinua umemchukua," Kinyanjui alisema akihesabu kwa kidole hewani. "Na mimi sina huruma kwa hilo. Muulize Mwas wa Githurai. Alikuja kwangu kuchagua, akainua mmoja eti anamtoa njiani. Nikamwambia, bro, huyo ndiye wako. Alilia! Nikarekodi."

Alimwonyesha video hiyo. Ilikuwa kweli: mwanamume mzima na kijibwa mkononi, macho mekundu, na Kinyanjui nyuma ya kamera akicheka mpaka picha inatikisika.

Nafuna alikubali upesi kwa sababu alikuwa na hesabu yake. Mtu anayependa mto atachagua mto. Atachukua yule mwenye uso uliobondeka zaidi, aende naye salama, wale wenye pumzi wabaki Witeithie. Hilo ndilo lilikuwa kosa lake: alidhani mjinga atafuata ujinga wake mwenyewe, na kwamba hatasikiliza mtu mwingine.

Uzazi ulikuwa mbaya. Vichwa vya buldogi havikuumbwa kupita mlango wa teria, na Nafuna alilijua hilo, na alilifanya hata hivyo. Hiyo ni sehemu ya hasira ambayo haielekezi kwa mtu mwingine. Daktari wa mifugo pale Thika alimpasua Pilipili, akatoa watoto watano. Wawili walikuwa wameshakufa. Kizazi nacho kikatolewa, la sivyo mama angewafuata.

"Huyu hatazaa tena, Mama Trizah," daktari alisema akivua glavu.

"Nimesikia," Nafuna akajibu, na hakuongeza kitu. Trizah akajua mambo ni mabaya.

Watatu waliobaki walikuwa madume mawili na jike moja. Dume la kwanza lilikuwa nakala ya Duke, mnono, makunyanzi matupu, wakamwita Mkate. La pili lilikuwa la kawaida, la kukaa getini na kubwekea bodaboda. Jike lilikuwa dogo, lenye mistari myeusi kama kuni zilizoshika moto upande mmoja, na mguu mmoja mweupe. Hilo wakaliita Pini.

Nafuna ana namna yake ya kupima. Kwanza anaweka vidole viwili kati ya jicho na ncha ya pua. Vidole visipotosha hapo, huyo ni mto. Halafu, wakifika wiki ya saba, anawapeleka kwenye shimo moja la machimbo ya mawe lililo karibu, Trizah anawashikilia chini, yeye anapanda juu na kupiga filimbi. Kila anayefika anawekewa sikio kwenye mbavu. Mkate alifika wa mwisho, akalala, kifua kikilia kama sufuria ya maharagwe. Pini alifika wa kwanza, akafunga mdomo baada ya pumzi sita, akatazama chini kuona kama kuna mwingine wa kushindana naye.

Nafuna aliacha sikio lake pale kwenye mbavu muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Mum, unalia?"

"Ni vumbi. Nyamaza."

Mzee Ephantus alikuja kumwona mtoto huyo. Walimfungia Pini kipande cha gunia kwenye kamba, akakishika, wakamwinua kwa kamba hiyo hiyo juu ya ardhi na hakuachilia. Nafuna alipopiga filimbi fupi, akaachilia papo hapo. Mzee alifurahi mpaka koti likamvuka bega. Na kwa furaha hiyo akafanya jambo ambalo mjukuu wake alikuwa amemfundisha Krismasi: akarekodi, akaweka kwenye kikundi cha wakulima. Kikundi kikatumia kikundi kingine. Baada ya siku mbili Kinyanjui akapiga simu.

"Mathe, nimeona kale kenye mguu mweupe. Hako ndiko kangu. Jumapili nikitoka church nakuja."

"Si ulisema unapenda wale wa sura?"

"Si mimi. Kuna jamaa anaandaanga fight za mbwa huko nyuma ya magodauni. Anatafuta mbwa asiyeachilia. Ameona hiyo clip, ananipigia kila saa."

Nafuna alimwita majina ambayo hayatafsiriki kutoka Kibukusu, na mengine mawili ya Kikikuyu aliyojifunza sokoni. Kinyanjui alingoja amalize. "Makubaliano ni makubaliano, mathe," akasema, akakata.

Siku zile tatu zilizobaki hakuna aliyekula vizuri katika nyumba ile. Nafuna alimkasirikia Kinyanjui. Alimkasirikia Mzee Ephantus, akampigia simu akamwambia kwamba kidole chake kimefanya kazi kuliko nguruwe wote wa Ngoliba. Mzee alisikiliza, akamtaja Mungu wake kwa neno moja, "Ngai," na upole huo ukamuudhi zaidi. Alimkasirikia daktari, na Duke, na feni ya Duke. Na asubuhi ya Jumapili alichukua jembe akachimba shimo nyuma ya banda. Shimo dogo, la kutosha kijibwa.

Trizah alitoka na kikombe cha chai akasimama. "Nani amekufa?"

"Pini."

Pini alikuwa amekaa kando ya shimo, akitazama jembe likipanda na kushuka.

"Amekufa na ugonjwa gani?"

"Ule wa kuhara. Umechukua siku moja. Nitamwonyesha kaburi, Pini atakuwa kwako saluni Juja mpaka mambo yapoe."

Trizah alikunywa chai yake. Ni msichana wa maneno machache. Mtu hawezi kukulia na redio iliyowashwa akawa redio nyingine. "Mum, ulifutwa kazi kwa kukataa kusema uongo juu ya mbwa," alisema. "Leo utausema kwa ajili ya nani? Kwa huyo wa ndevu za rula?"

Nafuna alirusha jembe. Liligonga bati, mbwa wote wakabweka, na mwenye duka la simiti akauliza kwa sauti kama kuna mtu anauawa. "Bado!" Nafuna akamjibu. Kisha akamchukua Pini, akampangusa udongo puani, akamrudisha bandani pamoja na ndugu zake. Neno lake alikuwa amelitoa, na kitu pekee alichobakia nacho baada ya kufukuzwa kote alikofukuzwa ni kwamba hakuna mtu kati ya Ruiru na Thika anayeweza kusimama na kusema Nafuna alimdanganya juu ya mbwa. Alilijua hilo, na kulijua kukamchoma kuliko kitu chochote.

Mzee Ephantus alifika mapema, amevaa tai, kana kwamba ni mazishi. Alisimama mbali kidogo na Nafuna, kwa tahadhari.

Kinyanjui alifika saa nane na viatu vyeupe. Simu ilikuwa tayari kwenye fimbo yake, tayari inaonyesha moja kwa moja mtandaoni. "Niaje familia! Leo ni leo, tuko Witeithie, site ya mathe mwenyewe. Mathe, salimia watu!"

"Wana akili?" Nafuna akauliza.

"Hahaa! Nawaambia, huyu mathe ni moto."

Watoto watatu walikuwa kwenye kiwanja cha banda. Pini alikuwa kule mwisho akiwinda kifuniko cha chupa. Mkate, kwa sababu ya uvivu na kwa sababu viatu vilikuwa vyeupe, alikuja akaanguka juu ya mguu wa Kinyanjui, akalala hapo.

"Leo tunachukua killer," Kinyanjui aliiambia simu. "Mtamwona. Ile clip mliona, ni yeye. Subirini kwanza." Akasogeza uso kwenye kioo cha simu, akisoma maoni ya watazamaji. "Nini? 'Tuonyeshe huyo mnono.' 'Huyo hapo chini ni Duke mtupu.' Hahaa, ni ukweli! Yaani ona hii sura! Copy paste!"

Nafuna aliona kinachokuja. Alikiona kama unavyoona glasi ikielekea ukingo wa meza. Kando yake Mzee Ephantus naye alikiona, na kwa ule upole wake wa balaa akafungua mdomo kumwonya mwenzake: "Kijana, anga—"

Nafuna alimkanyaga mguu. Kwa kisigino. Na yeye mwenyewe, mwanamke ambaye hajawahi katika maisha yake kumwacha mtu amalize kosa bila kumwambia, akafunga mdomo. Meno yalimuuma. Trizah anaapa kwamba mshipa ulisimama shingoni mwa mamake kama kamba ya kuanika nguo.

Kinyanjui aliinama, akamtia Mkate mkono chini ya tumbo, akamwinua, akamweka shavu kwa shavu. "Say hi, baby! Duke Junior!"

Mioyo na vicheko vikapanda kwenye kioo. Alisoma kwa sauti, akitabasamu. "'Cutie.' 'Wueh, makunyanzi.' 'Umeinua...'" Sauti ikakatika. Tabasamu lilibaki peke yake usoni, halina mwenyewe.

"Malizia," Nafuna akasema.

Nafuna akasogea akashika fimbo ya simu, akasoma mwenyewe, polepole, kama anayesoma risala. "'Umeinua umechukua, bro. Huyo ndiye wako.' Imeandikwa na Mwas Githurai. Ameweka na kamera, na vile vikatuni vinavyolia."

"Ah, zii. Zii, mathe. Hii ilikuwa picha tu."

"Na Mwas alikuwa anamtoa njiani tu."

"Mimi nilikuja kwa ile ya mguu mweupe! Unajua! Mzee, si unajua?"

Mzee Ephantus alikuwa bado anasugua mguu wake. "Mimi ninajua sheria ya kuinua," alisema kwa upole ule ule. "Umetufundisha wewe mwenyewe kwa ile video. Tuliitazama kwa kikundi."

Na hapo ndipo mdomo wa Nafuna ulifunguka, na siku tatu zote zikatoka. Alimwambia yeye na wote waliokuwa ndani ya simu kwamba alikuwa anampeleka mtoto wa wiki nane akapasuliwe masikio ili walevi washangilie nyuma ya magodauni. Alimwambia kwamba Pilipili ana mshono kutoka kifuani mpaka chini. Alimwambia kwamba Duke hajawahi kupumua vizuri siku moja tangu azaliwe, na hao mashabiki wanaoandika "cutie" wanashangilia mgonjwa. Mioyo ilipungua kwenye kioo. Kinyanjui alijaribu kuzima akabonyeza pasipofaa, sura yake ikaonekana kubwa, na jasho.

"Mathe, nitahakikisha hakuna mtu Ruiru atakupa dume tena."

"Waambie. Na waambie kwa nini."

Alienda na Mkate kwapani. Nafuna akamfuata mpaka nje, akifoka, na majirani waliotoka kutazama vita wakasikia maneno ambayo hawakuyatarajia: "Usimtembeze jua likiwa kali! Unasikia, wewe? Usimfunge kamba shingoni, mvalishe mkanda wa kifua! Akianza kulia kama filimbi, mmwagie maji tumboni, si kichwani, halafu unipigie! Hata kama ni usiku! Mjinga wewe!"

Gari likaondoka. Nafuna alibaki barabarani mikono kiunoni, akipumua kama aliyepandishwa yale machimbo mwenyewe.

Aliporudi, Mzee Ephantus alikuwa amechuchumaa, Pini akimtafuna tai. "Sasa, Mama Trizah," alisema kwa sauti ya kuomba chumvi, "tunaenda Ngoliba lini?"

"Na wewe!" Nafuna akamgeukia. "Mtoto wa wiki nane! Nguruwe atamfanya sambusa. Ngoja mwaka mmoja. Na ukitoa hiyo simu mfukoni tena nitakuzika kwa shimo lile pale, liko tayari."

Mzee alitazama shimo, akatazama kimo chake, akaona halitamtosha. Pini ndiye aliyelikimbilia. Aliruka ndani, akanusa kila kona, kisha akaanza kulichimba zaidi, udongo ukiruka nyuma yake na kuangukia sketi ya Nafuna.

Nafuna alichukua jembe. Aliinama juu ya shimo, akasikiliza ile pumzi ndogo ikienda na kurudi bila kukwama mahali.

"Toka hapo," akamwambia. "Toka nifukie, kabla sijakasirika."